Mahali Gari Lilipopunguza Mwendo

Gari lilikuwa limesimama, matairi yote manne juu ya saruji ya kituo, na bado lilikuwa likisafiri.

Konstebo Mendikul aliapa hivyo mara mbili. Asubuhi ile alikuwa ameingia ndani ya pikapu ya Sisenbai na kuwasha injini apate joto la hita, kwa sababu kibanda cha walinzi pale Tushikara hakina hata jiko. Kifaa cha kuonyesha njia kilichofungwa kwenye dashibodi kikawaka chenyewe. Juu ya ramani, alama ndogo ya gari ikaanza kutembea. Ikakata jangwa, ikapinda, ikarudi, ikazunguka kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Halafu sauti ya kike ikasema, taratibu kabisa, "Rudi nyuma."

Konstebo alitoka mbio, kofia akaiacha kitini.

Kapteni Ulbosin Terekbayeva hakumcheka. Alimuuliza ilikuwa saa ngapi, alikaa kiti gani, na kama aligusa waya wowote. Akaandika majibu yote matatu, kisha akaenda kulitazama gari mwenyewe. Ukungu wa Februari ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya banda, na ile pikapu nyeupe ilionekana nusu nusu, kama kitu kilichoanza kufutwa.

Siku kumi na sita zilikuwa zimepita. Sisenbai, mtu wa kubeba mahujaji na maji kwenye nyanda za juu, aliondoka Jumanne alfajiri peke yake kupeleka unga kwa mlinzi wa ziara, kaburi takatifu la Aksopi Ata. Hakufika. Siku ya tatu binamu yake, Zhalgasbai, aliikuta pikapu kwenye ukingo wa uwanda mkubwa wa chumvi, ufunguo ndani, milango imefungwa. Nyayo hazikuwepo, maana tope la chumvi hujifunika lenyewe. Mkuu wa kituo alishatoa uamuzi: mtu amepotea kwenye ukungu, ameshuka kutafuta njia, chumvi imemmeza. Jalada lilikuwa lifungwe kesho, Ijumaa.

Na kwenye benchi la korido, kama kila siku, alikuwa amekaa Karashash, mama yake Sisenbai. Hakulia wala hakulalamika. Kila Ulbosin alipopita, bibi huyo aliuliza swali lile lile.

"Nikaange, au nisikaange?"

Hakuna mtu wa Tushikara ambaye angehitaji kufafanuliwa. Kila Ijumaa marehemu hukaangiwa shelpeki saba, mikate bapa ya mafuta, ili harufu imfikie huko aliko. Ukimkaangia aliye hai, unamwita mauti. Usipomkaangia aliyekufa, anakaa na njaa akiwatazama wenzake wakila. Bibi Karashash alikuwa ameandaa unga Ijumaa mbili, na Ijumaa zote mbili akaurudisha kwenye gunia.

"Bado sijajua, bibi," Ulbosin alimjibu.

"Basi nakaa," alisema bibi, akavuta shali yake.

Saa nne akafika Dauilbai, fundi umeme wa magari, mtu mfupi mwenye vidole vilivyojaa alama za kuungua. Ni yeye aliyekifunga kifaa kile, wiki tatu kabla Sisenbai hajapotea. Alipoambiwa jina la kapteni alitabasamu, kwa sababu jina lile hupewa binti ambaye wazazi wake wanaomba anayefuata awe wa kiume. Akauliza kama dua ilijibiwa. Ulbosin alisema hapana, alikuja binti mwingine, naye wakamwita Imetosha. Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaliona paa la gari, na kicheko kikamkatika.

Alipanda kwenye ngazi ya pembeni akatazama kwa muda. Akamwita Ulbosin apande naye.

Antena ya kile kifaa ilikuwa pale, kidude cheusi cha duara kisichozidi kiganja cha mtoto, kimeshikwa na sumaku. Lakini kilikuwa kimekaa ukingoni, upande wa dereva. Katikati ya paa, ndani ya vumbi lililogandana, palikuwa na duara safi lenye ukubwa ule ule.

Dauilbai alieleza polepole, kama anayejitetea. Yeye alitaka kutoboa paa na kuifunga kwa skrubu. Sisenbai alikataa, akasema mama yake hataki paa linalobeba mahujaji litobolewe. Ndipo akatumia sumaku, akaiweka katikati kabisa, mbali na vyuma vya kubebea mizigo, na waya akaupitisha upande wa abiria: chini ya raba ya mlango, ukashuka ndani ya nguzo ya kioo, ukatokea nyuma ya dashibodi. Sasa waya ulikuwa umechomolewa wote kutoka kwenye nguzo na kutupwa juu ya paa kupitia mlango wa dereva. Mlango ulipobamizwa, ulikuwa umeutafuna. Waya ulikuwa bapa kama utepe.

"Mimi sifungi hivi," alisema. "Hata nikiwa na homa."

"Najua. Aliyefunga hivi alikuwa amekaa kiti cha dereva," alisema Ulbosin, "na alikuwa na haraka."

Akamuuliza kuhusu lile gari linalotembea limesimama. Fundi alisema hakuna jini hapo. Antena lazima ione mbingu wazi, isikie setilaiti zisizopungua nne. Ukiifunika kwa bati, au waya wake ukaumia, inasikia minong'ono tu, na kifaa kinaanza kubahatisha mahali kilipo.

"Sisi mafundi tunasema kinaota," alimaliza.

"Na kinachokiota, kinakihifadhi?"

Dauilbai alimtazama. Akasema ndiyo, kinahifadhi kila kitu, nukta moja kila sekunde tano, ndoto na kweli pamoja, ila watu wengi hawajui. Wanafikiri kinaonyesha njia tu.

Ulbosin aliwaamuru wasukume gari nje ya banda. Alitaka antena ifungwe upya, vile vile ilivyokuwa siku ya kwanza, naye asimame pale atazame kila hatua. Dauilbai alipangusa katikati ya paa kwa kitambaa chenye spiriti, akaweka antena mpya juu ya lile duara safi. Ikang'ata bati kwa mlio mdogo. Akalaza waya bila kuukunja kwa nguvu, akausukuma chini ya raba kwa kijiti cha plastiki, akaacha kitanzi kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya. Akafungua nguzo ya kioo, akaushusha. Nyuma ya nguzo kikadondoka kifundo kidogo cha adiraspan kavu, kile kichaka ambacho watu hukiweka garini kuzuia jicho baya. Sisenbai alikuwa amekificha pale siku ile ile, alisema fundi, ili antena isionewe kijicho.

Kifaa kikawaka. Alama ndogo ya gari ilianza tena kuhangaika jangwani, na Konstebo Mendikul, aliyekuwa ametokeza kichwa mlangoni, akarudi ndani. Setilaiti moja. Mbili. Alama ikapunguza mwendo. Tatu. Ikasita juu ya uwanda wa chumvi. Nne, tano, saba. Ikaruka mara moja, ikatua juu ya ua wa kituo, na ikatulia hapo kama mtu aliyeamshwa.

"Haya," alisema Dauilbai. "Sasa kimeamka. Kiulize."

Walikaa ndani ya gari, milango imefungwa, vioo vimeloa ukungu. Fundi akafungua safari ya Jumanne ile. Nukta zilipangika kama shanga: gari likienda kasi zilikuwa mbali mbali, likienda polepole zilisongamana. Ulbosin alifuata uzi ule kwa kalamu bila kugusa kioo. Kutoka Tushikara kwenda kusini, shanga zilisongamana mara tatu. Fundi alikisia mashimo. Ulbosin alitikisa kichwa, akamtajia sehemu hizo moja baada ya nyingine: makaburi ya Tasuli, makaburi ya Koskuduk, kaburi la peke yake la msichana aliyekufa wakati wa njaa kuu ya zamani. Hapo palikuwa na mtu anayepunguza mwendo, anazima redio, anasoma Fatiha na kupitisha viganja usoni, kisha anakanyaga mafuta. Nukta sita au saba. Kila dereva wa huku hufanya hivyo, na mguu wake hufanya kabla yeye mwenyewe hajakumbuka.

Mbele, kwenye njia panda ya Korganzhar, palikuwa na fundo kubwa la nukta. Gari lilisimama pale dakika ishirini na mbili. Karibu yake Sisenbai alikuwa ameweka alama siku mbili kabla na kuipa jina: Pembe. Kisha gari likaacha njia ya ziara, likaelekea bondeni.

"Hapo ndipo mwanamke wa kifaa alipoanza kusema," alisema Dauilbai, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Safari ilipangwa kwenda Aksopi. Ukitoka njiani anakwambia urudi nyuma. Hachoki, anasema mpaka utii."

Mita mia tatu baada ya hapo, uzi ulikatika. Badala yake lilikuwepo doa, nukta zimemwagika kama mchuzi, nyingine zikifika mpaka karibu na kambi ya wageni wanaochimba mafuta. Mkuu wa kituo alishasema, kama si chumvi basi ni wale wageni. Ulbosin sasa alielewa kwamba lile doa ni ndoto. Mtu alikuwa amechoka kuambiwa arudi nyuma, akang'oa antena na kuitupa sakafuni.

Ndoto ilidumu saa moja na nusu. Halafu, kwenye ncha ya mwisho kabisa ya bonde, uzi ulianza tena, safi. Bonde la Korganzhar lina mdomo mmoja. Kuta zake ni chokaa tupu, na siku ya ukungu chini ni kweupe, juu ni kweupe. Yule mtu alikuwa amepotea humo. Akaitafuta ile sauti aliyoinyamazisha, akabandika antena juu kwa mkono kutoka kitini, nayo ikamtoa. Ilimtoa mpaka ukingo wa chumvi. Hapo akashuka, akabamiza mlango, ukautafuna waya, ikawa mwisho wa habari. Kutoka hapo hadi zizi la baridi la Zhalgasbai ni mwendo wa saa moja kwa miguu.

Lakini Ulbosin alikuwa ameshairudisha kalamu nyuma. Ndani ya bonde, katikati ya njia ya kutokea, shanga zilisongamana. Nukta saba.

"Hapo pana makaburi gani?" aliuliza.

Dauilbai alisema hapana makaburi. Kisha akatazama nukta zile, akahesabu kwa midomo. Akasema labda ni shimo.

"Labda," alisema Ulbosin. "Twende tukaone kama ni shimo."

Zhalgasbai aliitwa saa sita. Alikuwa pande la mtu, mcheshi, aliyeongoza msako wote tangu siku ya kwanza na kuchinja kondoo wake kuwalisha watafutaji. Aliinama kumsalimia bibi Karashash kwa mikono miwili, akamuuliza kama amekula. Alipoiona pikapu alimtania fundi kwamba kwa antena ile amelivisha gari pembe moja, linangoja nini kupata ya pili. Kisha akakaa mbele ya meza ya Ulbosin, akapokea bakuli la chai.

Maswali yalikuwa machache. Jumanne ile alikuwa wapi? Zizini, na ngamia anayezaa. Nani alimwona? Ngamia. Je, alijua neno Pembe lina maana gani kwa Sisenbai? Zhalgasbai alipuliza chai yake. Akasema marehemu alipenda kuokota pembe kuukuu za kondoo mwitu kuzipeleka kwenye ziara, kama watu wote wenye heshima. Jibu lilikuwa zuri. Ila alikuwa amesema marehemu, mlango uko wazi, na bibi wa watu yuko koridoni. Na Ulbosin alijua kwamba pembe zilizokuwa zikitafutwa na askari wa wanyamapori msimu ule zilikuwa za swala wa nyika, wale wanaouawa kwa siri kundi zima, na kifungo chake ni kirefu.

Hakumwambia hilo. Alimwambia tu kwamba jalada linafungwa kesho, na angependa wapite Korganzhar mara ya mwisho, yeye Zhalgasbai ashike usukani, maana nani mwingine anaijua njia.

"Korganzhar tumeshapita, dada afande."

"Mlipita kwa farasi. Nataka kupita kwa gari." Akafunga daftari. "Kuna kaburi lolote humo? Nisije nikalikanyaga."

Zhalgasbai alicheka. "Hamna. Mimi makaburi ya huku nayajua yote, mpaka yasiyo na jiwe."

Wakaondoka watatu, Dauilbai kiti cha nyuma na mkoba wake wa zana magotini. Ulbosin alizima sauti ya kile kifaa na kukifunika kwa kofia ya Konstebo Mendikul, akisema mwanga wake unamwumiza macho. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba boneti haikuonekana mwisho wake. Zhalgasbai aliendesha vizuri, akisimulia habari za harusi, za mkwe aliyekalia bakuli la maziwa ya ngamia. Ghafla akanyamaza. Mguu ukalegea, gari likatambaa, midomo yake ikacheza, viganja vikapita usoni. Kutoka kwenye ukungu likajitokeza kuba moja la Tasuli, likapita, likapotea. Akaendelea na mkwe.

Vivyo hivyo Koskuduk, na vivyo hivyo kwa msichana wa njaa kuu. Ulbosin naye alipitisha viganja kila mara, na kila mara alihesabu sekunde moyoni. Thelathini na mbili. Thelathini na tano. Thelathini na tatu.

Kwenye njia panda Zhalgasbai hakusimama. Alianza kupiga mluzi. Waliingia bondeni, na kuta za chokaa zikameza mlio wa injini hata ikasikika kama gari jingine linawafuata kwa nyuma. Dauilbai aligeuka mara mbili kutazama. Walikwenda mpaka ncha ya mwisho, Ulbosin akashuka, akazunguka, akagusa ukuta, akarudi kitini. Akasema hamna kitu, twendeni nyumbani.

Hapo ndipo Zhalgasbai alipovuta pumzi, akalegeza mabega. Aligeuza gari na kurudia hadithi ya mkwe mahali alipoiachia. Mkwe sasa amesimama, maziwa yanamchuruzika, mama mkwe anauliza ni mvua au ni nini. Ardhi chini yao ilikuwa laini kama sahani. Bakuli la chai lingekaa juu ya dashibodi lisimwagike. Alikuwa akicheka.

Mguu wake ukalegea.

Gari likatambaa. Nje hapakuwa na kitu, weupe mtupu, wala kuba wala jiwe. Mkono wake wa kulia uliacha usukani, ukapanda, kiganja kikiwa kimefunguka kuelekea uso. Ulifika kidevuni. Hapo akauona yeye mwenyewe, kama mtu anayeuona mkono wa mwingine, akaugeuza akajikuna ndevu.

Ulbosin aliondoa kofia juu ya kifaa. Alama ndogo ya gari ilikuwa imesimama juu ya zile nukta saba, haikuzidi hata unywele.

Nyuma, mkoba wa Dauilbai ulianguka sakafuni na hakuna aliyeuokota. Ulbosin alizima injini, akachomoa ufunguo, akafungua mlango wake. Hatua kumi kutoka njiani, chini ya ukuta, vipande vya chokaa vilikuwa vimepangwa vizuri kupita kiasi, upande wenye vumbi chini na upande mweupe juu, kwa urefu wa mtu. Kichwa kilikuwa upande wa magharibi, uso ungeelekea kibla. Hata katika haraka yake alikuwa amemlaza sawasawa.

Akarudi mpaka dirisha la dereva. Zhalgasbai alikuwa bado ameukaza mkono kwenye kidevu. Uso wake mpana ulikuwa umelowa, na haikuwa rahisi kujua kama ni ukungu.

"Ulikuwa unamwombea nani?" aliuliza Ulbosin.

Zhalgasbai alisema ni mazoea tu. Kisha akasema Sisenbai alikataa kuifuta ile alama ya Pembe, pale yeye alipoficha pembe za swala; alimbembeleza dakika ishirini, alimbembeleza kama ndugu. Kisha akasema kwamba yule mwanamke wa kifaa hakunyamaza njia nzima.

Ulbosin alimwacha amalize. Pingu alikuwa nazo kiunoni, lakini hakuzitoa kwanza. Alimgeukia Dauilbai, akamwambia wakitoka bondeni, simu itakapopata mtandao, apige kituoni, Konstebo ashuke koridoni amwambie bibi Karashash neno moja: akaange.

Halafu akautazama ule mkono uliokwama kidevuni.

"Maliza," alimwambia Zhalgasbai. "Usimwache katikati."

Naye akafungua viganja vyote viwili, akasoma Fatiha, akavipitisha usoni, taratibu, mpaka mwisho wa kidevu. Ulbosin alihesabu. Zilikuwa sekunde thelathini na nne.